Siku Tano za Kujifunza Mkeka

“Fumua.”

Bibi hakupandisha sauti wala hakumtazama binti usoni. Alikuwa ameushika ukili wa binti, utepe uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, ameulaza juu ya goti, na gumba lake lilikuwa likitembea ukingoni polepole huku macho yakiwa kwenye mpunga ulioanikwa uani, maana kuku walikuwa karibu. Gumba likafika mahali likasimama. Mimi sikuona kitu pale. Binti alipouinua ukili kwenye mwanga ndipo nami nikaona: ukingo ulikuwa umeingia ndani kwa upana wa punje moja ya mchele, ukaenda hivyo kiasi cha shibiri, kisha ukarudi kwenye mstari. Kazi ya asubuhi nzima ikafumuliwa, chane moja baada ya nyingine, na kila chane ikarudishwa kwenye sufuria ya maji ili ilainike tena.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pembeni, fomu ya mahudhurio mapajani. Ilikuwa siku ya nne ya mafunzo ya siku tano. Kwa mujibu wa ratiba, siku hiyo washiriki walitakiwa wawe wanashona mkeka, na siku ya tano wageni kutoka kwa mfadhili wangekuja kuuona. Nikamwambia, “Bibi, kesho wageni wanafika. Watataka kuona mkeka.”

“Watauona, mwanangu. Ninao ndani, wa kwangu. Wa huyu bado.”

Fomu ilikuwa na safu ya jina, ya umri, ya kijiji, ya sahihi, na ya stadi ambazo mshiriki amezipata. Hapakuwa na safu ya bado. Niliweka alama ya vyema mbele ya majina yote, jua likazama, tukagawa posho. Miaka imepita tangu siku ile, na bado alama zile zinanisumbua. Kosa halikuwa la Bibi, wala la binti. Lilikuwa kwenye karatasi yetu, na ninaiandika makala hii kwa sababu naona karatasi kama ile zikiendelea kuandikwa.

Mradi wenyewe sitautaja. Walioubuni walikuwa na nia njema, tena walifanya kazi kwa bidii. Andiko lilisema wanawake na vijana wa vijiji vitatu vya Bonde la Kilombero watajifunza ufundi wa asili kwa mafundi wazoefu: ususi wa mikeka na nyungo, ufinyanzi, uchongaji wa mitumbwi. Kila kikundi kilipangiwa siku tano, chai na maandazi asubuhi, posho jioni, cheti mwishoni. Mimi nilikuwa mratibu wa uwandani. Niliyapenda yale maneno “mafundi wazoefu” tangu nilipoyasoma mara ya kwanza, kwa kuwa nimekulia kwenye nyumba ambayo kila kilicholaliwa, kilichopepetewa na kilichofunikia chakula kilisukwa na mtu tuliyemwamkia kila asubuhi.

Anayefika Ifakara, mji wa bonde hili, kwa mara ya kwanza husimuliwa habari za mchele na habari za mbu. Zote mbili ni habari za maji. Bonde limelala kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mto wake ndio unaoupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Masika yakikolea, mbuga hugeuka kioo. Mwaka 2002 ardhi oevu hii, zaidi ya kilomita za mraba 7,900, iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na wengine waliotangulia kuishi hapa, maji hayo ndiyo yaliyoamua mtu anahitaji kuwa na nini nyumbani: mtumbwi wa kuvukia na kuvulia, mgono wa kutegea samaki, ungo na kinu kwa ajili ya mpunga, mkeka wa kulalia, jamvi la kuanikia. Ufundi wa bonde hili haukuzaliwa kuwa pambo. Kila chombo kilikuwa na kazi kesho yake asubuhi, na kikiwa kibovu mtu alilala njaa au alilowa.

Nilimuuliza Bibi nani alimfundisha kusuka. Akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya ugenini, kisha akajibu, “Nilikaa kwa shangazi.” Jibu hilo nililisikia tena na tena kwa mafundi wengine: nilikaa kwa babu, nilikaa kwa mjomba kule ng'ambo. Walichotumia ni kitenzi kukaa. Na ukiwadadisi walikaa wakifanya nini, unaanza kuona mtaala ambao haujaandikwa popote.

Mtoto huanza kwa kutumwa. Anafuatana na shangazi kwenye kichaka cha ukindu na kuonyeshwa kuti lipi la kukata: lile changa la katikati ambalo halijafunguka. Anaonyeshwa pia kichaka kipi cha kuacha kipumzike, kwa sababu kikikatwa moyo kila mara kinadumaa. Makuti yanaletwa nyumbani, yanaanikwa, yanaanuliwa kabla ya umande kushuka, yanaanikwa tena hadi yapauke. Kisha kuchana. Mtoto anaweza kuchana msimu mzima bila kusuka hata kidole kimoja cha ukili, na hapo watu wa miradi husema anapoteza muda. Hapotezi. Chane zikitofautiana upana, hakuna mkono utakaosuka ukili ulionyooka, hata uwe mkono wa fundi. Anayechana anafundisha vidole vyake kupima bila rula. Baadaye ndiyo rangi, sufuria jikoni, nyekundu na zambarau ya unga kutoka dukani, na kujua kuti lichemke kwa muda gani kabla halijawa bivu mno na kukatika.

Ndipo ukili. Wa kwanza hupanda na kushuka kama barabara ya kijijini. Fundi haurudishi na maelezo, anasema fumua. Wa pili, fumua. Ukili ulioharibika kidogo hautupwi, unashonwa jamvi dogo la kuanikia mboga. Hatari ya ukingo uliopinda haionekani siku unaposuka. Inaonekana siku unaposhona, unapozizungusha kili na kuziunganisha kwa sindano ya shazia, na mkeka unaanza kuvimba katikati. Mkeka wa namna hiyo hukataa kulala chini. Ukiubonyeza huku unanyanyuka kule, na mteja wa sokoni Ifakara ataukunjua, ataukanyaga mara moja, atauacha. Ndiyo maana gumba la Bibi lilikuwa kali kwa upana wa punje. Lilikuwa linaona mkeka ambao haujakuwapo.

Na mtihani wa mwisho? Siku moja fundi anachukua ukili wako na kuushona katikati ya mkeka wake wa kuuza. Hakwambii. Unaugundua mwenyewe unapoukunja mkeka kupeleka sokoni. Bibi alinieleza hivyo huku akicheka, maana yeye alipouona ukili wake kwenye mkeka wa shangazi aliogopa, akadhani umeingia kwa bahati mbaya, akamwambia shangazi aufumue.

Nimerefusha hapa kwa makusudi. Andiko la mradi lilikuwa na kurasa nyingi, na hakuna hata ukurasa mmoja ulioeleza fundi hufundishaje. Aliitwa “mwezeshaji wa jamii”. Alilipwa kwa siku, tena pungufu ya mwezeshaji aliyetoka mjini na bango kitita lake kuja kufundisha ujasiriamali. Alipewa wanafunzi asiowachagua, kwa siku asizozipanga, na kazi kubwa kuliko zote ya fundi, ile ya kusema bado, ilinyang'anywa mikononi mwake na kupewa ratiba. Ukimwondolea fundi mamlaka ya kusema bado, umebaki na mama mzee anayeonyesha watu anavyosuka.

Kulikuwa na tatizo la msimu pia, na hili lilinishangaza, kwa kuwa waliopanga walikuwa watu wa hapa hapa mkoani Morogoro. Mafunzo yaliwekwa mwezi wa tatu, ili fedha zitumike kabla ya mwaka wa bajeti kufungwa mwezi wa sita. Mwezi wa tatu mkulima wa Kilombero yuko wapi? Yuko kwenye palizi. Familia nyingi hufunga nyumba kijijini na kuhamia mashambani, huko mbali, kwenye vibanda vya muda, na hukaa huko miezi kadhaa hadi mpunga uvunwe. Watafiti wa malaria wamelisoma jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu vibanda vile havizuii mbu. Tulipoita mkutano wa uzinduzi, waliojitokeza walikuwa wale ambao hawakuwa na shamba la kupalilia, au waliotumwa kusaini kwa majina ya wengine. Mtendaji wa kijiji alituambia waziwazi kwamba tumekuja wakati mbaya. Tuliandika maoni yake kwenye taarifa, tukaendelea.

Baadaye kidogo, mpunga ukitoa masuke, watu huamia ndege. Mtu anapanda kwenye dungu alfajiri na kushuka magharibi, kutwa anapiga kelele, anavuta kamba zenye makopo, anatupa udongo kwa teo. Kati ya kundi moja la ndege na jingine, mikono iko bure. Bibi alisema ukili wake mwingi wa ujana aliusukia huko, yeye na binamu zake, kila mmoja kwenye dungu lake, wakishindana urefu, na jioni shangazi anapita kupima. Darasa lilikuwapo tayari, lina paa na muda wa kutosha. Lingehitaji mratibu aliye radhi kutembea na kuvuka maji, na mfadhili anayekubali orodha ya mahudhurio yenye watu wawili wawili.

Ifakara haikuanza jana kupokea miradi. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Uswisi, alianzisha hapa maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundishia waganga wasaidizi wa vijijini. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ikahamisha watu, na wakati huohuo reli ya TAZARA ilikuwa ikikatiza bonde. Mji huu umeona maandiko ya kila aina, na baadhi yalifanya kazi vizuri sana. Kuanzia miaka ya 1990, wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa uwanja wa mradi wa KINET, uliouza vyandarua na dawa ya kuvichovya kwa jina la Zuia Mbu. Kabla ya kuuza chochote, waliuliza kwanza: watu wanawaitaje mbu hawa, homa ya mtoto wanaielezaje, nani nyumbani ana uamuzi wa kununua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kuishi kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala kwenye vyandarua vilivyotiwa dawa kuliongezeka kwa asilimia 27. Watoto hao leo ni watu wazima, wengine wana watoto wao.

Lakini hata huko, kununua chandarua kulikubalika upesi kuliko kukichovya upya. Kitu kinanunuliwa mara moja na kinabaki nyumbani. Kuchovya ni tendo la kurudia kila baada ya miezi, na hakuna anayekukumbusha. Nimelitafakari hilo mara nyingi ninapowaza juu ya mikeka. Miradi yetu ya ufundi inajua kugawa vitu: mikasi, sindano, sufuria za kuchemshia rangi, fulana. Inapata taabu pale inapotakiwa kuacha nyuma tendo la kurudia.

Sehemu ya mitumbwi nitaipita haraka, kwa sababu inauma. Fundi mchongaji tuliyempata alikuwa maarufu hadi ng'ambo ya mto. Watu walisema akigonga gogo kwa kifundo cha kidole anajua lina uozo wapi. Alituuliza swali moja: gogo liko wapi? Mtumbwi wa maana unataka mti mkubwa, na miti mikubwa ya kuchongea, kama mvule, haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na malipo yake. Hilo ni sawa, maana mvule umekwisha katika sehemu nyingi za nchi hii. Ila bajeti haikuwa na gogo wala kibali. Tukaokota kipande cha mwembe uliokwisha kuanguka, urefu wa mkono na nusu, na vijana wakapokezana tezo. Kilichotoka ni hori la kulishia bata. Fundi aliwaonyesha kushika tezo vizuri, aliwaambia wasimame upande gani wa ncha, na kwa heshima yake hakulalamika hata mara moja. Kwenye taarifa iliandikwa kwamba vijana wamefunzwa uchongaji wa mitumbwi. Niliisaini.

Pamoja na hayo, haja ya mtumbwi nayo ilikuwa inabadilika. Miaka mingi Ifakara na Ulanga ziliunganishwa kwa pantoni, na ilipoharibika watu walivuka kwa mitumbwi. Kivuko kilizama mwaka 2016. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, likazinduliwa mwaka 2018, na hakuna anayelitazama bila kushukuru. Wavuvi bado wanahitaji mitumbwi. Ila kijana anayefikiria kukaa kwa mchongaji misimu mitatu ana haki ya kuuliza atamuuzia nani, na mafunzo yasiyo na jibu la swali hilo hayamtendei haki.

Kuna mfano mmoja wa Ifakara ambao unanipa moyo, na haukutoka kwa watu wa sanaa. Umetoka kwa watafiti wa mbu. Chandarua humlinda mtu akiwa kitandani, lakini jioni watu wako nje: wanapika, wanaota moto, wanakaa baa. Taasisi ya Afya Ifakara ikaanza kujaribu vitu vya kawaida vilivyotiwa dawa ya transflutrini, ambayo huruka hewani na kuwafukuza mbu. Mwaka 2012 walichapisha majaribio ya vipande vya gunia. Mwaka 2017 wakachapisha mengine, ya vikapu vya mapambo vya katani na mapambo ya ukutani ya gunia, vikiwa vimetundikwa kwenye baa za nje. Zikafuata tepe za gunia zinazofungwa chini ya upenu wa nyumba, kisha viti, kisha kandambili. Angalia walivyochagua: kikapu, gunia, kiti, kandambili. Vyote vinatengenezeka kwa mkono wa fundi wa mtaani, na vyote tayari vina mahali pake katika maisha ya watu. Hakuna aliyehitaji semina ya kuelezwa kikapu ni nini. Mwanasayansi alipohitaji kitu cha kushika dawa na kuiachia polepole, akakikuta kwenye mikono ya msusi.

Sidai kwamba kila msusi ageuke kiwanda cha kuzuia mbu, na ningehuzunika kama fundi angeishia kulipwa kwa kipande bila jina lake kujulikana. Ninachokiona ni kwamba kazi ya mkono iliingia hapo ikiwa na haja ya kweli mbele yake. Sisi tulikuwa tumewaza soko la watalii, katika mji ambao watalii wengi hawaufiki, na tukawaambia wasusi wasuke vitu vidogo vya kuwekea glasi mezani. Bibi alikisuka kimoja, akakitazama, akauliza kinatumika upande gani.

Ng'ambo ya milima, Iringa mjini, Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Watatu tu. Ikakua hadi kuwa karakana kubwa ya watu wenye ulemavu, yenye ususi, ufumaji na mkahawa. Ukiandika andiko la mradi leo lenye wanufaika watatu, litarudishwa. Na Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, alifundisha ndugu na jamaa wachache waliokaa naye. Alifariki mwaka 1972, lakini waliokaa naye wakakalisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili ushirika. Leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake. Hakuna aliyekuwa amewapangia siku tano.

Serikali nayo si kwamba haioni. Sheria iliyoanzisha VETA ni ya mwaka 1994, na kwa miaka kadhaa sasa kuna mpango wa kurasimisha ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazi nje ya darasa anapimwa na kupewa cheti. Naupenda mpango huo kwa moyo wote, kwa kuwa unakiri kwamba baraza la nyumba ni shule. Wengi wanaonufaika ni waashi, maseremala, mafundi magari na wapishi. Msusi wa mikeka angeweza kuingia, akipatikana wa kumpima. Nani atakayempima Bibi? Mpimaji pekee anayestahili ni msusi mwingine wa rika lake, na kama tungekuwa na busara tungewaita wawili watatu wakati wangalipo, tuwalipe kama wakufunzi, na tuwaachie wao waseme nani amefika na nani bado.

Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alinishauri tuwasajili wahitimu wetu kama kikundi ili wakope. Walisajiliwa. Lakini mkopo una tarehe ya kurejeshwa, na mkeka wa kwanza unaouzika, kwa anayeanza kujifunza, haujui tarehe hiyo. Mikopo inamfaa fundi aliyekamilika anayetaka kununua ukindu kwa wingi. Anayeanza humtia kwenye deni kabla mikono haijakubali.

Ukindu wenyewe hatukuufikiria kabisa. Tulinunua mzigo mmoja sokoni, ukatosha siku tano, tukaondoka. Mahali ambapo Bibi na shangazi yake walikuwa wakikata, chini kabisa mbugani, sasa kuna mipaka mipya. Mwaka 2023 eneo la mbuga lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba Kilombero, na sababu zake zinaeleweka: mto huu unalisha Bwawa la Julius Nyerere, na ardhi oevu ilikuwa imebanwa na mashamba na mifugo kutoka kila upande. Kuingia porini sasa kunahitaji ruhusa. Mwanamke anayetaka makuti ya kutosha mkeka mmoja haoni atamwandikia nani barua, na akionekana na panga humo hana la kujitetea. Mradi wa ususi ungeanza hapa. Ungeanza kwa kikao cha wahifadhi, mtendaji na wasusi, juu ya vichaka vipi vikatwe, miezi ipi, na nani. Maarifa ya kuacha kichaka kipumzike wanayo wasusi wenyewe. Yalikuwa somo la kwanza kwa shangazi.

Mwaka jana nilipita tena. Nilikwenda kwa miguu yangu, sina mradi, nimebeba sukari na majani ya chai. Nilimwamkia Bibi, akanitambua kwa sauti, macho yamepungua nguvu. “Bwana mradi,” akasema, akanikaribisha kwenye mkeka. Kati ya wote niliowawekea alama ya vyema, wawili wanasuka hadi leo, na mmoja wao ni yule binti wa siku ya nne, sasa mama wa mtoto mmoja. Niliuliza ni nini kilichowabakiza. Nilitarajia kusikia habari za moyo na bidii. Jibu lilikuwa fupi: hao wawili nyumba zao ziko jirani. Posho ilipokwisha, wengine nauli iliwashinda. Hawa walivuka uchochoro tu. Binti alikaa kwa Bibi misimu miwili bila jina lake kuandikwa mahali popote.

Alinipeleka nyuma ya nyumba, pembeni ya majaruba ya mpunga, mahali maji yanapochelewa kukauka. Bibi alikuwa amemtuma akang'oe miche ya ukindu iliyochipua ubavuni mwa mti mama, aipande pale. Ilikuwa mitano. Miwili ilikauka kiangazi, mmoja ulikanyagwa na ng'ombe. Iliyobaki amezungushia miiba, na mmoja ulikuwa umetoa kuti jipya la katikati, limejikunja, kijani kilichofifia, urefu wa kiwiko. Binti aliinama akaondoa jani la mpunga lililokuwa limelinasa. Bibi amekataza lisikatwe mwaka huu, wala ujao.